Kwa Vijana wa Kibirizi: Figo za Watoto Wenu

Wanangu, wake kwa waume mnaoishi kwa dagaa, nawasalimu.

Nasikia vijiweni mkisema mawe ya figo ni ugonjwa wa wazee wenye pesa, walao nyama kila siku. Sivyo hivyo tu. Figo za mtu huanza safari yake tumboni mwa mama.

Vichujio vya figo, ambavyo madaktari huviita nefroni, huumbwa mara moja tu. Zaidi ya nusu hupatikana miezi 3 ya mwisho ya ujauzito, na kufikia wiki ya 36 hivi kazi imekwisha. Kwa wastani ni kama milioni 1 kila figo, lakini wapo wenye laki chache tu, na hakuna dawa ya kuviongeza. Mtoto njiti, au aliyezaliwa chini ya kilo 2.5, mara nyingi huwa navyo pungufu, ndiyo maana ukubwani presha na maradhi ya figo humwandama zaidi. Njiti wengine hata hupata chembe za chokaa ndani ya figo wakiwa wachanga, hasa waliotumia sana dawa za kukojoza. Wengi wao huondokewa nazo wakikua, si wote.

Basi mjamzito aanze kliniki mapema na alale ndani ya chandarua, maana malaria ya mimba hupunguza uzito wa mtoto. Halafu kuna hili la kugeuza dagaa juani tangu asubuhi bila kunywa maji, eti choo kiko mbali. Nyinyi waume, jengeni choo! Mna nguvu ya kuvuta nyavu usiku kucha.

Akizaliwa, miezi 6 ni maziwa ya mama tu, hata maji asipewe. Baadaye msimlee kwa uji mtupu: watoto wanaokulia nafaka peke yake, hasa wa kiume, hupata mawe ya kibofu. Dagaa mnao, wasageni wasio na chumvi mtie kwenye uji. Mifupa yake msiiogope, chokaa iliyomo kwenye chakula huinasa oksaleti, kemikali ya vyakula inayotengeneza mawe, tumboni kabla haijafika kwenye mkojo. Chumvi ndiyo ya kuogopa.

Mtoto akilia anapokojoa, au akikojoa damu, msikimbilie mizizi ya chango. Huenda ni kichocho, huenda ni jiwe. Mpelekeni zahanati, na akipewa rufaa ya hospitali ya Maweni, nauli itafutwe siku hiyo hiyo.

Mama yenu, mkunga mstaafu,
Ujiji