Maoni yenu kuhusu Napoleon Dynamite

Habari za jioni wapendwa. Nimesoma maoni yote mliyotuma kuhusu filamu tuliyotazama Jumamosi, komedi ya Kimarekani Napoleon Dynamite. Wapo waliocheka hadi machozi pale Napoleon, yule mwanafunzi wa sekondari, anapocheza dansi jukwaani kumsaidia rafiki yake Pedro kwenye uchaguzi wa shule, na wapo waliosema haina hadithi. Sishangai. Filamu hii ya 2004 iligharimu kama dola 400,000 tu, ikarekodiwa Preston, jimbo la Idaho, Marekani, mji aliosomea mwongozaji Jared Hess. Netflix walipojaribu kubashiri watazamaji watatoa alama ngapi, hii ilikuwa kati ya zilizowasumbua sana, kwa sababu maoni hugawanyika hivi hivi!

Mimi naipenda kwa ukimya wake, hakuna anayekulazimisha ucheke.

Ambao bado hamjatoa maoni, tumeni hata ujumbe wa sauti kabla ya Alhamisi. Aliyechoshwa aseme wazi, ila ataje ni sehemu gani.