Minara ya Teruel haitaki saruji

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini niseme neno juu ya majengo ya Mudéjar, yale yaliyojengwa Hispania kwa ufundi wa Waislamu waliobaki chini ya wafalme wa Kikristo. Wengi huyasifia urembo wake, lakini uhai wake uko katikati ya tofali na tofali.

Chukua mnara wa San Martín mjini Teruel, uliojengwa mwaka 1315 na 1316. Ni mnara wa kanisa, ila umbo lake la ndani ni la mnara wa msikiti: mnara ndani ya mnara, ngazi ikipanda kati ya kuta hizo mbili. Matofali ya kuchoma yameshikanishwa kwa jasi, unga mweupe wa madini unaoganda ukichanganywa na maji.

Jasi hiyo haipatani na saruji inayotiwa kwenye maungio wakati wa ukarabati. Vikikutana penye unyevu, salfati, aina ya chumvi iliyomo katika jasi, hushambulia saruji, fuwele huota ndani ya maungio, huvimba na kupasua ukuta. Tena saruji ni ngumu kuliko tofali la kale na haipitishi mvuke, hivyo maji hutafuta njia kwenye tofali lenyewe, na chumvi yake hulibandua uso. Teruel iko mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari. Baridi ikigandisha maji hayo, tofali humomonyoka na mstari wa saruji hubaki umechomoza.

Kwanza itafutwe asili ya maji: paa, mfereji au ardhi. Kisha saruji itolewe kwa patasi na nyundo, kwani diski ya mashine hula kingo za tofali. Kina kiwe mara mbili ya upana wa ungio. Vumbi litolewe, ukuta uloweshwe. Juu pakavu irudishwe jasi. Chini, ambako jasi huyeyuka, itumike chokaa isiyochanganywa na saruji, sehemu moja kwa tatu za mchanga, ifunikwe magunia mabichi siku kadhaa.

Msingi wa San Martín uliliwa na unyevu, mjenzi Pierres Vedel akauimarisha kati ya 1549 na 1551, na mnara ungali umesimama. Lakini Torre Nueva, mnara wa mji wa Zaragoza ulioanza kujengwa 1504 ukainama, baraza la mji liliamua mwaka 1892 ubomolewe. Hasara ile hairudi, hata baada ya UNESCO kuorodhesha minara ya Teruel kuwa urithi wa dunia mwaka 1986.

Mikataba ya ukarabati itaje aina ya jasi, chokaa na mchanga, na kipande cha majaribio kipitishwe msimu mzima wa baridi kabla ya kugusa ukuta uliobaki.

Fundi wa majengo ya kale