Huyo Sickles mmemsafisha mno

Mhariri,

Miaka yote nasoma gazeti lenu na kunyamaza, ila makala ya Jumapili kuhusu Daniel Sickles, wakili, jenerali na mbunge wa New York, mliyemwita shujaa, imenitoa pangoni.

Mguu wake mmeusimulia vizuri. Kweli, ulisagwa na kombora la mzinga kwenye mapigano ya Gettysburg, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, tarehe 2 Julai 1863, ukakatwa, akaupeleka makumbusho ya jeshi Washington na kila mara akawa anakwenda kuutazama. Mbona hamkusema kwamba siku hiyohiyo, bila ruhusa ya mkuu wake Meade, aliwasogeza askari wapatao elfu kumi mbele hadi kwenye shamba la mipichi, wakabaki hawana wa kuwakinga ubavuni, wakapondwa? Nishani ya ushujaa wa siku hiyo alipata mwaka 1897. Meade alikwishakufa zamani.

Na Key je? Tarehe 27 Februari 1859 Sickles, mbunge, alimpiga risasi Philip Barton Key, mwendesha mashtaka wa serikali, mchana kweupe, jirani kabisa na Ikulu ya Marekani, kwa kutembea na mkewe Teresa. Mawakili wake, akiwamo Edwin Stanton aliyekuja kuwa Waziri wa Vita wa Rais Lincoln, wakaliambia baraza la mahakama kwamba akili ilimruka kwa muda. Akaachiwa, watu wakashangilia. Teresa aliolewa akiwa binti wa miaka kama 16, mume amepita 30. Bwana huyo alipopata kazi ubalozini London alimwacha mkewe mjamzito, akaenda na kahaba wake, Fanny White. Akili haikumruka! Lakini zamu ya Teresa ilipofika, alikalishwa usiku aandike ungamo kwa mkono wake, na mahakama ilipolikataa, magazeti yakalichapa. Magazeti, Mhariri, wenzenu hao. Ninyi mmekwenda mbali zaidi: hata jina lake hamkulitaja.

Mjukuu wangu aliibeba makala yenu kwenye mdahalo wa shule. Binti wa upande wa pili akasimama, akauliza, "Huyo shujaa wako si ndiye aliyeua mtu akaachiwa?" Mtoto akageuza karatasi mbele na nyuma. Hakuna kitu. Nyuma kulikuwa na tangazo la kubeti.

Na hapo ndipo penyewe. Ukurasa wa historia siku hizi ni nusu. Nusu nyingine ni mikeka na odi za Ulaya, kwa wino mwekundu, hadi watoto wanajua timu za daraja la pili Uturuki.

Basi nashauri: kila mnapomwita mtu shujaa, wekeni chini ya picha yake kisanduku cha sentimita tano chenye majina ya aliowapiga risasi nje ya vita, kwa herufi kubwa zilezile za odi. Tangazo likikosa nafasi, lihamie ukurasa wa tahariri.

Halafu majibu ya chemshabongo ya wiki iliyopita mmeyaweka wapi?

Mwalimu mstaafu,
Morogoro