Barua ya wazi kwa Meya wa Zagori kuhusu Ngazi ya Vradeto

Mheshimiwa Meya wa Zagori, Asprangeli, Ugiriki.

Shikamoo mheshimiwa, na salamu kwa madiwani wako wote. Mimi ni Mtanzania, naishi Ioannina, kazi yangu ni saidia fundi kwenye gengi la waashi wa mawe, wale wanaopanda kwenye vijiji vyenu kila theluji ikishayeyuka kutengeneza kuta na mapaa. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndo lugha ninayoweza kusema ya moyoni bila kuokoteza maneno, na nataka na ndugu zangu wasome, nakala ya Kigiriki nitakuletea ofisini.

Ombi langu ni moja. Naomba manispaa iwe na kikosi chake cha kudumu cha waashi wa mawe kwa ajili ya Ngazi ya Vradeto na njia zingine za mawe za Zagori, kiwe na mshahara wa mwaka mzima, kiwe na nafasi za vijana wa kujifunza kazi, na hizo nafasi ziwe wazi hata kwa sisi tuliotoka mbali. Naomba nieleze kwa nini, nitaenda mbali kidogo ila univumilie.

Kwa ndugu zangu ambao hawajawahi kusikia hizi habari, Zagori ni vijiji 46 kaskazini ya Ioannina, kwenye milima ya Pindos, sio mbali na mpaka wa Albania. Nyumba za mawe, mapaa ya mawe bapa, vichochoro vya mawe, hata mabenchi ya pale uwanjani ni mawe. Vradeto ndo kijiji kilichokaa juu kuliko vyote, mita 1,340 toka usawa wa bahari, nyuma yake kuna mlima Tymfi ambao kilele chake, Gamila, kina mita 2,497. Ukitoka kijijini ukafuata njia ya miguu unafika sehemu inaitwa Beloi, hapo ardhi inakatika ghafla na Korongo la Vikos lote liko chini ya miguu yako, kuta zake zinashuka mamia ya mita na mwewe unawaona mgongo maana wanaruka chini yako. Mwamba wa huku juu ni mawe ya chokaa, mvua ikinyesha maji yanazama yanapotea kabisa, yanakuja kutokea kule chini kabisa kwenye chemchemi za mto Voidomatis, ya baridi mpaka meno yanauma na masafi unaona kila kokoto.

Sasa kati ya Vradeto na kijiji cha jirani, Kapesovo, kuna genge la mwamba. Mpaka mwaka 1973 ilipofika barabara ya magari, njia ya watu wa Vradeto ilikuwa Ngazi iliyojengwa kwenye huo ukuta wa mwamba karne ya 18, vidato zaidi ya elfu moja vinapanda kwa kona kona kama nyoka. Unga umepita hapo, chumvi, mbao, mgonjwa wa kupelekwa kwa daktari. Hebu fikiria umebeba mgonjwa pale na barafu imeganda!

Nataka nikwambie tunachokiona sisi mafundi tukisimama pale, kwa sababu wageni wengi wanapiga picha kutoka upande wa pili wa genge wanaondoka. Vidato vya Ngazi ile sio kama vya ngazi ya nyumbani. Ni vipana sana na kimo chake kifupi, kwa sababu wapitaji wakuu walikuwa nyumbu, wale chotara wa punda na farasi, na mnyama aliyebeba mzigo mgongoni anataka nafasi ya kuweka miguu vizuri kabla hajapanda tena. Ukingo wa kila kidato ni mstari wa mawe yaliyosimamishwa kwa ubavu, yamebanana, na nyuma yake mawe madogo yamepangwa moja moja. Kila kona imetanuliwa ili mnyama ageuke bila mzigo kugonga mwamba. Upande wa nje kuna ukuta unaobeba njia yote, na huo ukuta umepangwa mkavu, jiwe juu ya jiwe, hamna simenti hata kijiko, uzito wa jiwe ndo unalishikilia jiwe lenzie.

Na ukuta mkavu unakufaje? Taratibu. Jiwe moja dogo linachomoka, labda mtu kalikanyaga vibaya, labda mzizi umelisukuma. Maji yanapata mlango. Yanaingia nyuma ya ukuta, yanachota kifusi cha ndani kidogo kidogo kila mvua, halafu unakuja msimu wa baridi yale maji yanaganda yanavimba, usiku yanaganda mchana yanayeyuka, ukuta unaanza kutoka tumbo, na siku ya siku unashuka wote. Fundi akipita wakati lile jiwe la kwanza limechomoka, ni kazi ya nyundo na tindo, nusu saa keshamaliza. Akipita miaka mitano baadae ni kazi ya gengi zima mwezi mzima na mawe ya kubebwa mgongoni. Ndo maana nasema kikosi cha kudumu mheshimiwa, maana mradi wa miaka miwili unakuja na bango lake na pesa zake, unaisha, watu wanarudi mjini, halafu jiwe linachomoka wiki inayofuata na hakuna mwenye kazi ya kulirudisha.

Na simenti ndo kabisaa. Najua inashawishi, ni rahisi na ni haraka, yaani hata mi mwanzoni nilikuwa nashangaa kwa nini fundi wangu haigusi kwenye njia hizi. Ukuta mkavu unapumua, maji yanapita kati ya mawe yanatoka. Ukiuziba kwa simenti maji yanabaki ndani, yanaganda ndani, na kwa sababu simenti ni ngumu haichezi, inapasuka na mawe ya watu wa kale inaondoka nayo. Unaharibu kitu kilichokaa zaidi ya miaka 200 kwa ajili ya kazi ya asubuhi moja.

Naomba niende kwenye historia sasa, wewe unaijua kunishinda, lakini kuna sehemu yake inatuhusu sisi wageni. Ioannina ilijisalimisha kwa Waosmani mwaka 1430, na watu wa Zagori wakapata makubaliano yao, wakalipa kodi na kutoa huduma, wakaachiwa kujitawala mambo yao kupitia baraza lao mpaka 1868. Mlimani pale kilimo ni cha shida, kwa hiyo wanaume walisafiri. Walienda Wallachia ambako leo ni Romania, walienda Istanbul, walienda Urusi, wakawa wafanyabiashara, na walikuwa wanaondoka miaka na miaka huku mama na watoto wamebaki kijijini. Pesa zikarudi. Ndo zikajenga shule, kama ile Shule ya Paschaleios ya Kapesovo ya 1861, na visima, na makanisa, na madaraja. Lile daraja la tao moja karibu na Kipoi ambalo kila kalenda ya mkoa wetu huu wa Epirus inalo, la Kokkoros, lilijengwa 1750 kwa pesa za Noutsos Kontodimos, na huyo mzee alikuwa mtu wa Vradeto! Kijiji kidogo kuliko mitaa mingi ya Dar, kiko juu ya genge, na mtu wake ndo aliyewavusha mto watu wa vijiji vya chini.

Waliopanga mawe walitoka nje ya Zagori. Mafundi walitoka vijiji vya Konitsa, wilaya ya jirani, kama Pyrsogianni na Vourbiani, walikuwa wanatembea kwa magengi, wanaondoka masika wanarudi baridi ikianza, wana nyumbu wao, wana watoto wa kubeba mawe na kuchanganya udongo wakijifunza kazi hivyo hivyo, na wana lugha yao ya siri ili mwenye nyumba asielewe wanachopanga. Nilipoelezwa hayo na fundi wangu nilikaa kimya muda mrefu. Yeye ni Mwalbania, aliingia Ugiriki miaka ya 90 kama wengi wao, na ukienda leo kwenye nyumba nyingi za Zagori zilizofufuliwa utakuta mikono ya Waalbania. Kwa hiyo mheshimiwa, pesa ya Zagori ilitafutwa ugenini na mawe ya Zagori yakapangwa na wasafiri, toka zamani. Nikiomba nafasi ya kujifunza iwe wazi kwa kijana wa Kitanzania, wa Pakistani au wa Syria aliyeko Ioannina na karatasi zake, sioni kama naleta jambo geni kwenye milima hii. Fundi wangu magoti yameshachoka. Wenzie wa rika lake ni hivyo hivyo. Watoto wake wako chuo, mmoja anasoma mambo ya kompyuta, na mi nampongeza kabisa, lakini ile elimu iliyoko kwenye mikono ya baba yao anakwenda kumpa nani?

Miaka ya mateso siwezi kuiruka. Waitaliano walivamia Oktoba 28, 1940, na akina mama wa Pindos walibeba risasi na chakula mgongoni kwenye theluji kuwapelekea wanajeshi. 1943 Wajerumani wakachoma vijiji, hapo Asprangeli ulipokaa mheshimiwa pakiwa pamojawapo, Julai ya mwaka huo. Halafu vita vya wenyewe kwa wenyewe mpaka 1949. Baada ya hapo watu waliondoka, wengine Athens, wengine Ujerumani, Australia, na safari hii wengi hawakurudi. Leo wanaolala Vradeto majira ya baridi wanahesabika kwa vidole. Hapo ndo tatizo la Ngazi lilipo. Zamani haikuhitaji mpango wala bajeti, maana kijiji kizima kilikuwa kinaipita, jiwe likichomoka aliyeliona ni mtu ambaye kesho atapita hapo na nyumbu wake, atalirudisha tu. Barabara ya 1973 siilaumu hata kidogo, wazee wanastahili daktari afike kwa gari, ila tangu siku ile Ngazi haina mwenyewe wa kila siku.

Mababu zenu waliwaza mbele sana kwenye mambo ya utunzaji. Ile misitu iliyoko juu ya vijiji, mialoni mikubwa ile, imebaki kwa sababu ilikuwa chini ya kanisa na atakayeikata alitengwa na kulaaniwa, wakijua miti ikiondoka mlima unashuka kwenye nyumba. Waliweka sheria inayofanya kazi hata kama aliyeitunga kashakufa. Kikosi ninachokiomba nataka kiwe na nguvu ya namna hiyo, kiandikwe kwenye bajeti ya kila mwaka, meya abadilike chama kibadilike, kikosi chenyewe kipo.

Septemba 2023 UNESCO ikakutana Riyadh ikaiingiza Zagori kwenye Urithi wa Dunia. Tulifurahi wote, fundi alinunua tsipouro, ile pombe kali ya zabibu, akatugawia. Na kabla ya hapo, 2018, ufundi wenyewe wa kupanga mawe makavu uliingia kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika, Ugiriki ikiwa na nchi zingine saba. Lakini mi natoka nchi ambayo Mji Mkongwe wa Zanzibar uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia toka 2000, na Desemba 2020 nilikaa na simu mkononi naangalia video ya Beit al Ajaib imeanguka upande, watu wawili wamekufa. Jengo la 1883, liko katikati ya mji, kila mtu analijua, liko kwenye orodha. Kwa hiyo nikisikia watu wanaongea kama vile jina la UNESCO litashika ukuta, tumbo linanicheza.

Na nyie mnao mfano wenu hapa hapa Epirus. Daraja la Plaka kwenye mto Arachthos, tao kubwa la 1866, lilibebwa na mafuriko Februari 1, 2015. Mkaweza kulirudisha, kwa mawe, 2020 likasimama tena, na kila nikipita najisikia fahari kama vile nililijenga mimi. Ila kulirudisha kulitaka maprofesa, wizara, na miaka mitano. Kwa Ngazi bado tuko kwenye hatua ya nyundo na tindo.

Pesa najua ndo swali la kwanza baraza litakalouliza. Wanaokuja kupanda Ngazi wanalala Kapesovo na Tsepelovo, wanakula ile pai ya unga na jibini, wanakodi waongozaji, kwa hiyo Ngazi inaingiza hela kila wikiendi ya hali nzuri ya hewa. Anzeni hata na watu wanne, mafundi wawili wazee na wanafunzi wawili. Baridi ikifunga mlima wakae chini kwenye karakana wachonge mawe ya mapaa, na fundi apate nafasi ya kufundisha bila mwenye nyumba kumkimbiza.

Naomba barua hii isomwe kwenye kikao cha baraza. Na nikileta nakala ya Kigiriki nitakuja na fundi wangu, naomba mtupangie siku moja kabla theluji haijaanza, wewe na mhandisi wa manispaa, tuipande Ngazi pamoja kuanzia Kapesovo, kona kwa kona, yeye ataonyesha kwa mkono ni kazi gani inafanywa na ni nani anaiweza. Mi nitabeba vifaa.

Ni mimi, saidia fundi,
Mtanzania wa Ioannina