Mama asije Januari, msomee taratibu

Dada shikamoo. Natumai hapo Tanga wote wazima, mi huku Tamale, kaskazini ya Ghana, mzima, ila jana sijalala maana mvua ilipiga bati usiku kucha. Nimesikiliza vois ya mama mara tatu. Anataka tiketi ya Januari, harusi ya binti wa bamdogo ikishapita, aje amuone mjukuu akae hata miezi miwili, alafu nilipomtajia vumbi akamaliza maneno, "vumbi nalijua mimi, nimekulia Handeni." Ndo maana nakuandikia wewe, kwenye simu sijawahi kumshinda. Msomee akiwa ameshakunywa chai.

Vumbi la Handeni lori likipita linanyanyuka, unaziba pua kidogo, limeshatua. La huku halitui. Ni upepo unaitwa hamatani, unatoka Sahara, na vumbi lake jingi unaliokota kule Chad kwenye ziwa la zamani lililokauka, unalibeba mpaka huku. Unaanza hivi mwisho wa Novemba, Desemba na Januari ndo wenyewe. Ni miezi ileile kwetu inavuma kaskazi na unatoka upande uleule, ila kaskazi ya kwetu inakuja na bahari, hii inakuja na mchanga mkavu tu. Saa sita mchana jua unalikodolea macho kama mwezi. Nguo ukianika ya mwisho ya kwanza imeshakauka, midomo inapasuka, visigino vinapasuka, mlango wa chumbani kwangu ulipasuka ufa naweza kupitisha kisu. Asubuhi unafuta meza, adhuhuri unaandika jina lako juu yake kwa kidole. Na usiku baridi, nilinunua koti la mtumba, koti mimi, wenyeji wakanicheka alafu kesho yake na wao nikawaona na makoti. Kila mtu anajipaka mafuta ya shea, bila hayo ngozi inakuwa kama gamba la kenge.

Sasa mama na pumu yake umuweke humo? Mtoto wetu mzima kabisa alikohoa Januari nzima. Tena msimu huo wa ukavu ndo wa homa ya uti wa mgongo, kaskazini ya Ghana iko ndani ya ule mkanda wa ugonjwa unaotoka Senegal mpaka Ethiopia.

Alafu safari yenyewe. Ndege ya Accra mpaka hapa ni kama saa moja, kitu cha kunywa soda ukafika. Januari iliyopita nilikuwa natoka Accra, tukafika juu ya Tamale, tukazunguka, tukazunguka, nje dirishani rangi ya maziwa ya unga, rubani akasema haoni uwanja tunarudi. Tukarudi. Kesho yake ndege ikafutwa, ya jioni ikafutwa, wale wa kaunta wanatuambia subirini kidogo tu, kidogo yenyewe ikawa siku mbili nalala kwenye viti na begi kichwani, hela ya hoteli hawatoi eti hali ya hewa ni kazi ya Mungu, mwisho nikapanda basi. Kilomita 600 na ushee, Kumasi, Techiman, Kintampo, Buipe, masaa kumi na tatu, na ukishapita Kintampo miti inapungua vumbi linaongezeka, dereva kawasha taa mchana na bado lori la viazi vikuu unaliona likiwa limeshafika puani. Mama hawezi hiyo dada, miguu yake unaijua.

Machi na Aprili vumbi limepungua lakini joto linagonga 40 na umeme ukikatika feni ndo imekufa, kwa hiyo nako asije.

Miezi hii ya mvua, Agosti na Septemba, kuzuri kwa macho, kijani mpaka mlangoni, hewa safi. Shida barabara za vijijini, na kuna bwawa linaitwa Bagre, liko Burkina Faso, likijaa wanafungua maji yanashuka na mto White Volta mpaka huku, mashamba ya watu yanazama yakiwa yamebakiza kidogo kuvunwa. Kila mwaka redio inatangaza bwawa litafunguliwa, watu wa kando ya mto wahame, na kila mwaka kuna ambaye hakuhama, shamba lake liko pale angehamia wapi. Tamale mjini hatuzami lakini sitaki mama apite kwenye hizo habari.

Basi mimi naona aje wiki ya mwisho ya Oktoba, akae mpaka kama tarehe 20 Novemba. Mvua zinakuwa zimekatika, barabara zimekauka, hamatani bado. Viazi vikuu sokoni vimerundikwa kama kuni. Nitampeleka Larabanga akauone ule msikiti wa udongo, mweupe na vijiti vimetokeza ukutani, wa zamani sana, nadhani akishauona atasahau na hasira ya kupangiwa tarehe. Ukweli tembo wa hifadhi ya Mole, karibu na hapo Larabanga, wanaonekana zaidi kiangazi kikikolea, wanafuata maji, ila tembo si ndo hao hao wa kwetu.

Harusi atakuwa amewahi kurudi, mwambie hivyo kwanza kabla hujamsomea mengine.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe tayari, achanje siku kumi kabla ya safari au zaidi, Accra wanaiuliza hata kabla ya pasi. Dawa yake ya kuvuta aweke kwenye mkoba wa mkononi sio kwenye begi kubwa. Na dagaa anibebee, ila afunge vizuri jamani, mara ya mwisho shati zangu zilinuka mwezi.

Nijibu kabla ya Ijumaa nikate tiketi. Akikataa usibishane naye, niambie tu nimtumie picha ya ule mlango.