Sungura aliyehasiwa asiachwe na njaa kwa kisingizio cha mapumziko

Kwa Mhariri,

Nimeisoma kwa makini barua ya msomaji mwenzangu wa Malindi iliyochapishwa katika ukurasa huu, ambayo iliwashauri wanaofuga sungura majumbani kwamba mnyama aliyetoka kuhasiwa aachwe kwenye kona yake apumzike, asisumbuliwe kwa chakula, kwa kuwa njaa ikimzidi atakula mwenyewe. Ushauri huo umetolewa kwa nia njema, na kwa mbwa au paka huenda ungepita bila madhara makubwa. Kwa sungura ni ushauri wa hatari. Kwa kuwa wapo watoto hapa Lamu, kama walivyo huko Malindi, wanaofuga sungura kwa mapenzi na si kwa kitoweo, naomba nafasi nieleze kwa nini sikubaliani nao na ni nini hasa kifanywe katika siku mbili tatu za mwanzo baada ya upasuaji.

Sungura hakuumbwa kula milo mitatu kwa siku. Huokoteza majani kidogo kidogo mchana na usiku, na nyuzinyuzi ngumu za majani hayo ndizo zinazoufanya utumbo wake usisite kujongea. Kazi kubwa ya kusaga chakula chake hufanyika nyuma, katika mfuko mpana ulio mwanzoni mwa utumbo mkubwa, ambamo bakteria huyachachusha majani na kuyatoa virutubisho. Majani mapya yasipoingia, utumbo hupunguza mwendo, vilivyomo hukauka na kushikamana, bakteria wanaotoa gesi huongezeka, tumbo humuuma, na kwa sababu linamuuma anazidi kukikataa chakula. Wakati huohuo mwili huanza kuyeyusha mafuta yake na kuyapeleka kwenye ini kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyamudu, jambo ambalo huwapata upesi zaidi sungura wanene. Ndiyo maana kungoja njaa imzidi ni kungoja kitu ambacho huenda kisije, kwani sungura ambaye utumbo wake umesimama hasikii njaa.

Sisi wa Lamu tusingehitaji kuelezwa haya kwa kirefu, maana tunaishi na punda. Punda naye huchachusha majani katika sehemu ya nyuma ya utumbo, naye hana uwezo wa kutapika, na akikataa kula kwa siku chache mafuta huzidi katika damu yake na yanaweza kumwua. Sidhani kama yuko mwenye punda Langoni au Mkomani atakayemwona mnyama wake amesimama kichwa chini, hagusi majani, kisha aseme kwamba amechoka tu; atampeleka kwa wataalamu wa The Donkey Sanctuary, ambao wamekuwa wakiwahudumia punda wa kisiwa hiki tangu 1987. Sungura anastahili wasiwasi uo huo, na kwa udogo wa mwili wake muda alio nao ni mfupi zaidi.

Tatizo la kukosa hamu ya kula mara nyingine huanza kabla hata ya kisu kushikwa. Binadamu, mbwa na paka hufungishwa chakula kabla ya kupewa dawa ya usingizi ili wasitapike na kupaliwa, na wapo wenye sungura wanaoufuata utaratibu huohuo kwa kumnyima mnyama chakula tangu jioni. Sungura hawezi kutapika, kwa hiyo sababu ya kumfungisha usiku kucha haipo. Linalotakiwa ni kinywa chake kisiwe na mabaki ya majani anapolazwa, na kwa hilo saa moja au mbili zatosha. Mwenye sungura aliyeambiwa amnyime chakula usiku mzima ana haki ya kuuliza kwa adabu kama agizo hilo linamhusu sungura kweli au limetoka katika karatasi ya mbwa.

Baada ya upasuaji, jambo la kwanza linalomzuia kula ni maumivu. Sungura ni mnyama anayewindwa, na kwa maumbile yake huficha udhaifu, hivyo asitazamiwe kulia wala kuchechemea. Atakaa amejikunja, macho ameyafumba nusu, tumbo amelikandamiza sakafuni, na pengine atasikika akisaga meno kwa nguvu. Huyu hajapumzika, anaumwa. Dawa ya kutuliza maumivu, ambayo kwa sungura mara nyingi huwa ni meloksikamu, iombwe kwa daktari wa mifugo kabla ya kuondoka kwake, pamoja na kipimo kilichoandikwa kulingana na uzito wa mnyama na idadi ya siku za kumpa. Hasa kwa jike lililotolewa mfuko wa uzazi jambo hili ni la lazima, kwa kuwa tumbo lake limefunguliwa na maumivu yake huzidi yale ya dume. Si halali kukisia dawa za maumivu za binadamu zilizobaki kabatini. Hatari zaidi ni viuavijasumu. Amoksilini, ampisilini, penisilini ya kunywesha, klindamisini na linkomisini huwaua bakteria wema wa utumbo wa sungura na kuwaachia nafasi wale wanaotoa sumu, na mnyama anaweza kufa kwa kuhara kutokana na dawa iliyokusudiwa kumlinda. Nalisisitiza hili kwa sababu vidonge vya amoksilini havikosekani katika nyumba zetu, na mtoto akiona kidonda chekundu huenda akadhani anasaidia.

Maumivu yakishatulizwa, chakula kiwekwe mbele yake mara tu anapozindukana na kuweza kukaa wima, na kiwekwe karibu, kwani asiyetaka kula hatakwenda kukitafuta. Nyasi ndizo msingi, mbichi na kavu. Ukoka unaoota kando ya mashamba yetu ni chakula kizuri sana, alimradi uchumwe pasipopitiwa na punda wala mbwa, uoshwe na ukung'utwe maji. Hamu iliyopotea aghalabu huitikia harufu kali, na hapo soko la Lamu lina mengi ya kutoa: kotmiri, nanaa, rehani, na hata matembele machanga. Anayekataa jani lililolala sahanini anaweza kulipokea likisuguliwa vidoleni na kuguswishwa mdomoni. Kisamvu kibichi asipewe kabisa, kwa kuwa kina sumu ya sianidi, wala majani ya mparachichi. Vitunguu pia viepukwe. Uji, mkate, biskuti na chai ya maziwa, ambavyo mabibi zetu wenye huruma huvitoa kwa kila mgonjwa, huzidisha uchachu na gesi katika utumbo ambao tayari umelegea. Kipande cha ndizi cha ukubwa wa ukucha kinaweza kutumika kumshawishi aanze kutafuna, lakini kisigeuzwe mlo.

Ni muda gani basi mtu asubiri? Dume lililohasiwa asubuhi kwa kawaida huanza kudonoadonoa jioni ileile. Ikipita saa 12 tangu kuzinduka naye hajala chochote, daktari apigiwe simu usiku huohuo. Zikifika saa 24 bila kula na bila kutoa vile vinyesi vikavu vya mviringo, hiyo ni dharura. Kwa kweli vinyesi ni shahidi mwaminifu kuliko sahani, kwa maana majani yanaweza kupungua kwa kutawanywa tu, ilhali kinyesi hakitoki pasipo utumbo kufanya kazi. Kwa sababu hiyo atandikiwe taulo safi badala ya maranda, ili kila kinachotoka kionekane na kidonda kisiingie vumbi.

Katika kipindi hicho cha kusubiri, kulisha kwa bomba la sindano lisilo na sindano huokoa maisha, ila lina masharti yake. Kwanza tumbo lipapaswe kwa upole. Likiwa limefura na kukaza, mnyama asilishwe lolote bali akimbizwe kwa daktari, kwani huenda njia imeziba na kila kinachoongezwa kitaongeza shinikizo. Likiwa laini, chakula cha punje cha sungura, kile ambacho wafugaji hukiita peleti, huloweshwa kwa maji ya uvuguvugu na kupondwa hadi kipite bombani. Upo pia unga maalumu wa wanyama wala majani wanaougua, lakini huku kwetu haupatikani kirahisi. Sungura hukalishwa kwa miguu yake, amefungwa taulo kwa wepesi bila kuminywa kidonda, na bomba huingizwa kando ya mdomo, katika pengo lililo nyuma ya meno ya mbele. Asilazwe chali wala kichwa chake kisiinuliwe juu. Hupewa mililita moja tu kwa wakati, kisha hungojewa atafune na kumeza, maana chakula kikiingia mapafuni kitamletea ugonjwa mwingine. Sungura wa kilo 2 anaweza kufikishwa mililita 20 hivi kwa mlo, mara 4 au 5 kwa siku, akianzia kiasi kidogo. Na nyasi zibaki mbele yake muda wote, kwa sababu lengo ni arudie kutafuna mwenyewe.

Maji nayo yanahitaji kufikiriwa katika mji wetu, ambako visima vingi vya mjini ni vya chumvi chumvi. Mgonjwa apewe maji ya kunywa yasiyo na chumvi yanayotokana na visima vya Shela, ndani ya bakuli zito lisilopinduka, kwa kuwa wengi hunywa zaidi bakulini kuliko kwenye chupa ya kuning'inizwa. Majani yaliyoachwa na matone ya maji pia husaidia.

Kuhusu joto, watu wa pwani hukosea kwa pande mbili. Dawa ya usingizi huushusha joto mwili wa sungura, ambao kawaida yake ni kati ya nyuzi 38.5 na 40, na mnyama aliyepoa hataki kula. Basi katika saa za mwanzo awekewe ubavuni chupa ya maji ya uvuguvugu iliyozungushiwa kitambaa, hata kama sisi wenyewe tunatoka jasho. Akishachangamka, chupa iondolewe. Sungura hatoi jasho, hutegemea masikio yake kupunguza joto, na hewa ikizidi nyuzi 30 huanza kutaabika na kuacha kula hata kama hajapasuliwa. Wakati wa kaskazi, vyumba vya chini vya nyumba zetu za mawe humfaa zaidi kuliko banda la mabati juu ya dari. Mlango ufungwe pia, kwani paka wa Lamu hawana haya, na sungura anayenusa paka dirishani hatakula hata awekewe bustani nzima.

Kola ya plastiki ya kumzuia kulamba kidonda nayo huwanyima wengi hamu ya kula. Sungura hula vinyesi vyake laini moja kwa moja vinapotoka, na humo hupata vitamini na protini anazozihitaji. Kola humzuia kuvifikia, humzuia pia kuinama kwenye majani. Itumike tu ikiwa kweli anang'oa nyuzi, na iondolewe anapolishwa huku akitazamwa. Kidonda kikaguliwe asubuhi na jioni, kwa kuwa mji wa punda ni mji wa nzi, na nzi akitaga penye unyevu mabuu hutokea chini ya siku moja.

Naomba pia kupitia ukurasa huu niwakumbushe madaktari wetu wa mifugo kwamba baadhi yetu huvuka kwa boti hadi Mokowe na kusafiri kwa basi ili kufika Malindi au Mombasa kwa upasuaji huu. Tukisharudi kisiwani hatuwezi kurejea kwa dakika chache. Kwa hiyo mgonjwa asiruhusiwe kusafiri kabla hajaonekana akila, mwenye mnyama afundishwe kulisha kwa bomba akiwa palepale zahanati, na apewe nambari ya simu itakayopokelewa usiku. Nasi kwa upande wetu tubebe katika kikapu cha safari ukoka kutoka nyumbani na kitambaa chenye harufu ya banda lake, kwa maana safari peke yake yatosha kuusimamisha utumbo wa sungura.

Limebaki la wenye jozi. Dume lililohasiwa huweza kubaki na mbegu hai kwa wiki 4 hadi 6, nayo mimba ya sungura ni ya siku 31 hivi, kwa hiyo atenganishwe na jike asiyehasiwa kwa muda huo wote. Wakae wakionana na kunusana kupitia wavu, kwani aliyezoea mwenzake hula vizuri zaidi anapomwona naye akila, lakini wavu usiondolewe kabla ya wiki hizo kutimia, hata kama dume limeshachangamka na linamaliza kila linachopewa.

Wako katika usomaji,
Mfugaji wa sungura,
Langoni, Lamu.