Choa, mba na ile tyubu ya mchanganyiko: barua kwa mwanangu aliye bweni

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Picha uliyotuma kwa simu ya patroni imenifika. Simu yenyewe si yako na maneno ni mengi, kwa hiyo nimeona nikuandikie. Mjomba wako anapita Morogoro Jumamosi, atakuachia barua hii pamoja na kifurushi.

Hicho ulicho nacho mkononi ni choa. Nimeikuza picha nikaitazama vizuri: duara, ukingo umeinuka, una magamba na vipele vidogo vidogo, halafu katikati ngozi inaanza kurudi hali yake. Mikono ya namna hiyo huwekwa juu ya kaunta yangu karibu kila wiki. Wewe ni mtu wa kutaka sababu, basi sababu ndiyo hii: fangasi wa choa anakula keratini, ile protini ngumu ya tabaka la juu la ngozi, ya nywele na ya kucha. Kwenda chini zaidi hawezi, kwa hiyo anatambaa kwenda pembeni. Katikati mwili unaanza kumshinda, naye anabaki hai ukingoni. Ndiyo maana anayepaka dawa katikati peke yake anaichezea tu.

Majina ya dawa nakuandikia kama yalivyochapwa kwenye boksi ili usibabaishwe dukani. Nimekuwekea tyubu ya clotrimazole, asilimia 1. Osha mkono, ukaushe kabisa, kisha paka kidogo tu, asubuhi na jioni. Anza nje ya duara, upana wa kidole gumba kutoka ukingoni, ndipo uingie ndani. Muwasho utapungua mapema, na hapo ndipo wengi wanapoacha. Wewe usiache. Choa huchukua wiki mbili hadi nne, na hata ngozi ikishasafika endelea wiki moja au mbili zaidi.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikae usiku huu kuandika. Umesema mwenzako amekushauri ununue ile krimu ya mchanganyiko "inayoua chapchap". Naijua. Watu huja wakiitaja kwa rangi ya boksi. Ndani yake kuna dawa ya fangasi, mara nyingi na ya bakteria, na juu yake wameongeza steroidi, kama betamethasone au clobetasol. Steroidi inazima muwasho na wekundu kwa siku mbili tatu, mteja anafurahi, anamsimulia jirani. Lakini imeuzima kwa kutuliza kinga ya ngozi, yaani umewalaza walinzi na mwizi bado yumo ndani. Akiacha kupaka, choa kinarudi kikubwa kuliko mwanzo. Na kikirudi hakina tena lile duara. Kimetapakaa, ukingo haueleweki, na hata daktari anaweza kudhani ni pumu ya ngozi, akaandika steroidi nyingine. Nimewaona wanaume wazima kinena na mapaja yamejaa michirizi iliyoletwa na krimu hizo, na michirizi ile haifutiki.

Clobetasol hiyo hiyo ndiyo inayotiwa kwenye mikorogo mingi ya kujichubua, kwa hiyo hata "krimu ya dada" ya kuazima usiipake. Kabla hujalipa, soma maandishi madogo ubavuni mwa boksi. Ukiona jina linaloishia na -sone, au clobetasol, rudisha. Muuzaji akinuna, mwache anune. Steroidi ina kazi yake, ila mwenye kuiandika ni daktari aliyekuona.

Kuhusu kinena: ukiona wekundu unaowasha wenye ukingo kwenye mikunjo ya mapaja, ni ndugu wa choa hicho hicho na dawa ni ile ile. Niambie bila kuzunguka. Mimi ni mama yako na nauza dawa, hakuna kiungo cha mwanadamu kinachonishangaza. Usivae bukta iliyotoka mpirani ikiwa mbichi na jasho, na usiazimane taulo. Ukifua taulo, shuka na nguo za ndani, anika juani, si chini ya kitanda kama nilivyowaona mkifanya siku ya wazazi. Miguuni, angalia katikati ya kidole kidogo na kinachofuata. Ndipo ngozi inapoanza kulainika, kuwa nyeupe na kupasuka, kwa sababu hapo maji hayakauki. Kwenye bafu la bweni ingia na kandambili.

Umeandika pia kwamba aliyekuambukiza ni yule wa kitanda cha chini mwenye madoa meupe kifuani na mgongoni, na kwamba mmemhamisha kona. Mrudisheni. Ulivyoyaeleza, yale ni mba. Mba inaletwa na aina nyingine ya fangasi, hamira inayoishi kwenye ngozi ya karibu kila mtu, hata yako. Joto na jasho vikizidi, kwa wengine inastawi na kuharibu rangi ya ngozi. Haiambukizi. Mwambie akwangue doa kwa ukucha taratibu. Likitoa unga mwembamba, ni dalili nzuri kwamba ndiyo yenyewe. Atafute shampuu ya ketoconazole ya asilimia 2, apake kwenye ngozi iliyolowa, aiache dakika tano, aoge, siku tano mfululizo. Rangi itachelewa, pengine miezi, na asidhani dawa imeshindwa.

Ila doa jeupe au jekundu lisilowasha, ambalo ukiligusa kwa ncha ya pamba mwenyewe hasikii kitu, hilo si la dukani. Aende kituo cha afya wamwangalie ukoma. Bado upo nchini, unapona, na dawa zake ni bure. Watu wanaogopa jina kuliko wanavyoogopa kuchelewa, na anayechelewa ndiye anayelemaa.

Mdogo wako naye ana mapunye. Nywele zimekatika utosini, vimebaki vidoadoa vyeusi na magamba. Baba yako alitaka tumpake krimu. Nikamkatalia, maana kichwani fangasi yumo ndani ya shina la unywele, ambako krimu haimfikii. Daktari amempa vidonge vya griseofulvin, atameza kila siku wiki sita hadi nane. Dawa hiyo inafyonzwa vizuri ikikutana na mafuta, kwa hiyo anaimeza baada ya wali wa nazi, na sasa anadai wali wa nazi kila siku. Kwa kinyozi wenu, usikae kitini kabla hujamwona akisafisha mashine, na kusafisha si kupuliza nywele kwa mdomo.

Usipoona nafuu baada ya wiki mbili za kupaka vizuri, au vikitokea usaha, homa, au duara likasogea usoni karibu na jicho, mwombe patroni ruhusa uende hospitali. Wanaweza kukwangua magamba ya ukingoni, wakayatia tone la dawa kwenye kioo na kumtafuta fangasi kwa hadubini. Haiumi. Waambie ukweli wa kila ulichokwisha kupaka, hata kama ni maji ya limau au spiriti ya kinyozi.

Kwenye kifurushi kuna tyubu mbili, kandambili, taulo jipya na soksi nne za pamba. Tyubu ya pili ni akiba yako. Mwenzako wa kitanda cha chini hahitaji hiyo, anahitaji shampuu; hela yake nimempa mjomba, mmpe kimya kimya.

Mama yako